Kitabu, Kitu cha Kale na Neno: Historia za Koo Mashuhuri Kandokando ya Bukavu

Mji wa Bukavu una umri mdogo kuliko karibu kila habari inayosimuliwa ndani yake. Kituo cha Wabelgiji kwenye rasi za kusini mwa Ziwa Kivu kiliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 kikapewa jina la Costermansville, kwa kumbukumbu ya Paul Costermans, na katika miaka ya 1950 jina la wenyeji likarudi. Jina hilo wengi hulieleza kwa neno la Mashi, enkafu, yaani ng'ombe, likitanguliwa na kiambishi bu- cha mahali, ambacho ni ndugu wa u- ya Kiswahili katika Unyamwezi na Ugogo. Bukavu, basi, ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wa nani, na waliolisha katika malisho ya nani, ndilo swali ambalo vitabu vya historia ya Bushi vimekuwa vikilijibu kwa muda wa miaka tisini hivi, kila kimoja kwa upande wake, na jibu hilo halijapata kuwa jambo la maktaba peke yake.

Sababu yake ni kalinzi. Katika Bushi ya zamani ardhi haikuuzwa. Mtu aliyehitaji shamba alimpelekea ng'ombe mwami, au murhambo aliyesimamia sehemu kwa niaba ya mwami, naye akapata haki ya kulima ambayo wanawe wangeirithi. Mapatano hayo ndiyo yaliyoitwa kalinzi. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na mashahidi. Nani alitoa ng'ombe, mbele ya nani, zama za mwami gani: mambo hayo yalitunzwa vinywani. Kwa hiyo kuijua nasaba hakukuwa pambo la wazee wenye nafasi ya kuota moto jioni. Kulikuwa hati ya shamba. Elinor Sosne, katika tasnifu yake ya 1974 ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichunguza jambo hili katika ngazi ya kijiji, akaonyesha jinsi undugu na mapatano vinavyotegemeana katika siasa za mahali. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi. Baada ya uhuru, sheria ya Julai 1973 ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na haki za wale wanaoishi juu yake kwa mila zikaachwa zingoje kanuni nyingine. Kadiri karatasi ya serikali ilivyozidi kuikaribia ardhi, ndivyo koo zilivyozidi kuhitaji karatasi zao wenyewe.

Miongoni mwa karatasi za mwanzo ni kazi ya Padre Pierre Colle wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe. Huyu alikuwa amekwisha kuandika juu ya Baluba, katika kitabu kilichotoka mwaka 1913. Utafiti wake juu ya Bashi, Essai de monographie des Bashi, ulienea tangu mwaka 1937 katika nakala za mashine ya kuandikia, na Kituo cha Lugha za Kiafrika cha Bukavu kikautoa upya mwaka 1971. Mwaka huo 1937 haufai kupitwa upesi. Miaka minne kabla yake, yaani tarehe 5 Desemba 1933, amri ya kikoloni ilikuwa imepanga upya tawala za wenyeji, ikaziweka katika mipaka na madaraja. Milki za zamani zikawa chefferies, na kila moja ikatakiwa kuwa na mkuu mmoja anayejulikana, mwenye haki isiyo na shaka. Iwe mwandishi alikusudia au hakukusudia, kila orodha ya wafalme iliyoandikwa wakati ule iliingia katika ulimwengu ambamo orodha ilikuwa na nguvu karibu ya sheria. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Rugemaninzi, mwami wa Kabare, aliondolewa na wakoloni na kupelekwa Léopoldville, asirudi hadi mwaka 1960.

Mwaka huo wa kurudi kwake ndio mwaka kilipotoka, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, kitabu cha Paul Masson, Trois siècles chez les Bashi, ambacho baadaye, mwaka 1966, kilichapwa tena Bukavu kwenyewe. Hata leo anayetaka kujua habari za ukoo wa kifalme wa Banyamwocha huanzia hapo. Ni kitabu chenye subira na juhudi, nacho hakistahili dharau ambayo baadhi ya wanafunzi humtupia kila mwandishi wa zama za ukoloni. Hata hivyo, kufuata utawala baada ya utawala kwa karne tatu kuna athari yake. Historia hugeuka mti wenye shina moja, na nyumba nyingine zote zikawa matawi. Kabare, Ngweshe, Kaziba, Nindja, Luhwinja na Burhinyi zina simulizi zake, na kila moja huhesabu njia kutoka Lwindi, katika milima ya Mwenga, kwa namna inayoiheshimu. Kwa msomaji wa Kaziba, mti uliopandwa katika ua wa jirani ni mti ambao yeye ameketishwa tawini bila kuulizwa.

Malalamiko ya namna hiyo yalipata majibu ya kitaaluma katika miaka ya 1970. Richard Sigwalt, katika tasnifu yake ya 1975, aliyachukua masimulizi ya chimbuko la Bushi, akauliza yanaweza kutumiwa vipi kama ushahidi wa historia: simulizi la asili hueleza jambo la kale, lakini hueleza pia hali ya wale wanaolisimulia. Bishikwabo Chubaka aliiandikia Kaziba historia yake mwenyewe katika tasnifu ya Louvain-la-Neuve ya mwaka 1982, tangu yapata 1850 hadi 1940, na kwa kufanya hivyo akaonyesha kwamba milki ndogo si kipande kilichomeguka kutoka kubwa. Kisha David Newbury, katika kitabu chake cha 1991 juu ya kisiwa cha Ijwi, alikwenda mbali zaidi. Watu walizoea kufikiri kwamba koo ndizo za kale, na ufalme ukaja juu yake. Kwa Ijwi ya miaka ya 1780 hadi 1840 alionyesha kwamba koo zenyewe zilipata sura zinazojulikana leo pamoja na ufalme wa Basibula, hasa kupitia ibada ya muganuro, sherehe ya mavuno ambamo kila ukoo ulipewa kazi yake. Mtu akilikubali hilo, basi swali la nani ni mwenyeji halisi hupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Yamkini ndiyo maana vitabu vya aina hiyo husifiwa zaidi kuliko vinavyosomwa.

Lakini wingi wa historia ya mahali haumo katika vitabu vyenye jalada. Baada ya vyuo vikuu vya nchi kuunganishwa mwaka 1971, wanafunzi wa historia kutoka Kivu walisoma Lubumbashi, kisha wakarudi milimani kwao kuwahoji wazee ili waandike kazi zao za kumaliza licence. Njangu Canda-Ciri aliandika mwaka 1973 juu ya upinzani wa Bashi dhidi ya kuingia kwa Wazungu, na Pilipili Kagabo, mwaka huohuo, juu ya asili ya mji wa Bukavu. Kazi hizo zilipigwa chapa kwa mashine, nakala chache, kaboni juu ya kaboni. Wazee waliohojiwa wengi walizaliwa kabla ya mission za kwanza kusimama. Hakuna atakayeweza kuwahoji tena. Thamani ya kurasa zile, basi, ni kubwa kuliko alama zilizopewa na majopo ya mitihani. Kituo cha utafiti cha CERUKI, katika Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu, kilichapisha sehemu ya matunda ya kizazi hicho. Nyingine zimebaki rafuni, na rafu katika mji uliopitia vita vya 1996 na 1998 na uporaji wa Juni 2004 si mahali pa kutegemewa.

Hapa panafaa jambo la lugha liangaliwe, kwa kuwa limeathiri historia kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vya Kifaransa huwaita wakubwa wa koo hizi notables. Neno hilo ni la ofisi. Kwa afisa wa Kibelgiji lilitosha kumtaja yeyote aliyeketi karibu na mkuu wa wenyeji. Mashi ina maneno zaidi. Muluzi ni mtu wa nasaba ya mwami. Mushamuka ni mtu mzima mwenye heshima na mali ya kumfanya asikilizwe. Murhambo amepewa mahali pa kusimamia, na alichopewa aweza kunyang'anywa. Mujinji ni mlinzi wa ibada za kifalme, ambaye bila yeye mwami hatawazwi, hata kama hana ng'ombe wengi wala mlima wake mwenyewe. Wanne hao wakiwekwa chini ya neno moja, ugomvi wao wote hupotea katika maandishi: wa damu na wa cheo, wa cheo na wa ibada. Kiswahili nacho hakina haki ya kucheka. Kwa muda mrefu kiliwaita watawala wote wa bara masultani, kisha machifu, na mwami akafanywa mfalme kana kwamba ameketi juu ya kiti cha Ulaya. Afadhali matumizi ya mitaa ya Bukavu, ambayo yamelipokea neno mwami kama lilivyo.

Mtu aliyeyatambua haya mapema, bila kufanya kelele, ni Kagaragu Ntabaza, mkusanyaji wa mithali za Bashi. Kitabu chake kimechapwa mara kadhaa mjini Bukavu na kinajulikana kwa jina Emigani bali bantu, ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema kwamba mithali ni watu. Jina hilo lina hoja nzima ndani yake. Nyuma ya mithali yuko mtu aliyetenda au aliyetendwa, na mara nyingi mtu huyo hayumo katika orodha yoyote ya wafalme: mjane, mchungaji, mgeni aliyefika na njaa, mtumishi aliyejibu vizuri kuliko bwana wake. Anayetafuta historia ya koo katika makusanyo ya mithali hufanya kazi ngumu, kwa sababu mithali haina tarehe. Lakini huko ndiko wanakopatikana watu ambao kalinzi iliwaacha nje.

Upande wa magharibi, nchi inaposhuka kutoka milimani kuingia katika msitu wa Mwenga na Shabunda, hakuna wafalme wa kuorodheshwa. Barega walikuwa na bwami, chama cha ngazi ambacho mwanamume alipanda tangu daraja la mwanzo hadi yananio na kindi, na mkewe akapanda pamoja naye hadi bunyamwa. Umashuhuri wa ukoo ulitokana na idadi ya watu wake waliofika juu. Kumbukumbu za kupanda huko zilikuwa vitu: nyuso ndogo za mti ziitwazo lukwakongo kwa watu wa yananio, nyuso za pembe au mfupa ziitwazo lukungu na sanamu za pembe ziitwazo maginga kwa watu wa kindi. Vitu hivyo viliitwa masengo, vilipakwa mafuta katika sherehe baada ya sherehe mpaka vikapata rangi ya asali, na mwenyewe alipofariki vilipita kwa ndugu aliyestahili. Kwa maneno mengine, mfuko wa masengo ulifanya kwa Barega kazi ambayo orodha ya wafalme ilifanya kwa Bashi.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku. Chama chenyewe hakikufa, lakini mlango ulifunguka. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko kati ya 1952 na 1954 akiwa mtafiti wa taasisi ya IRSAC, ambayo kituo chake kikubwa kilikuwa Lwiro, karibu na Bukavu, alihudhuria sherehe nyingi, na kitabu chake cha 1973 juu ya utamaduni wa Barega ndicho kinachotegemewa hadi leo. Somo lake kuu ni hili: sanamu ya bwami haina maana ikiwa peke yake. Hutolewa mfukoni, huchezewa ngoma, husemewa mithali, na mithali ndiyo inayoipa jina. Sanamu yenye vichwa vingi ni Sakimatwematwe, Bwana Vichwa-vingi, nayo huhusishwa na busara ya anayeona pande zote. (Mwanafunzi wa Kiswahili atakitambua katikati ya jina hilo kichwa ambacho lahaja za kaskazini mwa pwani hukiita kitwa.) Sanamu ya mwanamke mwenye mimba huweza kuwa Wayinda, onyo juu ya uzinzi. Lakini sanamu mbili zinazofanana zaweza kuwa na maneno tofauti, na moja yaweza kusemewa maneno mawili katika siku mbili. Anayeinunua sanamu bila maneno yake amenunua jalada la kitabu, kurasa zikabaki Shabunda.

Hivyo ndivyo biashara ya vitu vya kale ilivyofanya. Vitu vya Barega vilipitia mikononi mwa maafisa, wahandisi wa migodi na wachuuzi, vingi vikifuata njia ya Bukavu, vikaishia Tervuren, Brussels na Los Angeles, ambako mwaka 2001 jumba la makumbusho la Fowler lilitoa kitabu kizuri cha Elisabeth Cameron juu ya sanaa hiyo. Kadiri bei zilivyopanda, waigaji nao wakapata ujuzi wa kutengeneza ile rangi ya asali kwa siku chache. Marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, iliyokubaliwa mwaka 1989, iliongeza sharti la kuthibitisha umri wa kila kipande, na hapo vyeti vya nasaba vikaanza kuandikiwa sanamu kama vilivyoandikiwa koo. Kati ya vitu vyote hivi, mwanahistoria angechagua kimoja kisichomvutia mchuuzi yeyote: butega, bangili za nyuzi za msituni zilizosukwa na Batembo na kuvaliwa miguuni na wanawake hadi ng'ambo ya Ziwa Kivu. David Newbury ameonyesha kwamba katika karne ya 19 butega zilitumika kama fedha katika masoko ya ziwa hilo. Bangili moja ya nyuzi inasimulia safari za watu wa kawaida, bei zao na majirani zao, mambo ambayo uso wa pembe haukutengenezwa uyasimulie.

Juu ya kurudishwa kwa vitu, historia ya karibuni haitoi matumaini mepesi. Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114 kati ya 1976 na 1982. Katika misukosuko ya miaka ya 1990 vingi vya makumbusho ya Kinshasa viliibwa, na baadhi vikaonekana tena sokoni. Mwaka 2019 jumba jipya la makumbusho la taifa lilifunguliwa Kinshasa, na Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000. Mjini Bukavu, wamisionari Waksaveri wamekusanya vitu vya eneo hili katika jumba lao la makumbusho, ambako mtoto wa Kirega aweza kuona alichokiona babu yake. Hatua hizo zote ni za kupongezwa. Ila orodha ya makumbusho hupima urefu, hutaja mti au pembe, huandika mwaka na jina la aliyekileta. Mithali haina safu yake.

Kuna jambo ambalo vitabu vilivyotajwa hapa vinashirikiana, pamoja na tofauti zao zote: hakuna hata kimoja cha Kiswahili. Colle, Masson na Bishikwabo waliandika kwa Kifaransa, Sigwalt, Sosne, Newbury na Biebuyck kwa Kiingereza, Kagaragu kwa Mashi na Kifaransa. Lakini mji unaoishi pamoja nazo historia hizo, mji wa Bashi, Bahavu, Barega, Babembe na Bafuliiru, huzungumza Kiswahili sokoni, kanisani na mahakamani. Si kwamba lugha hii haina mazoea ya kazi hiyo. Kitabu cha Kiswahili cha mapema juu ya mashariki ya Kongo ni masimulizi ya maisha ya Tippu Tip, yaliyochapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Na ni kinaya kwamba aliyeyasimulia alikuwa amekuja kutafuta pembe. Huko Lubumbashi, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huko historia ya mji kama walivyoiona waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, na nakala zake za mashine zingepotea kama Johannes Fabian asingezitoa kitabuni mwaka 1990. Yav hakuandika juu ya koo mashuhuri. Aliandika juu ya wapishi na maboi, akataja mabwana wao kwa majina waliyopewa jikoni.

Kukosekana kwa Kiswahili si suala la wasomaji wachache au wengi tu. Historia ya ukoo iliyoandikwa kwa Mashi husomwa na walewale wanaohusika nayo, na ya Kifaransa husomwa na waliosoma. Katika hali zote mbili jirani hayupo wakati habari zake zinapotajwa. Likiandikwa kwa Kiswahili, dai kwamba mlima fulani ulipatikana kwa kalinzi zama za mwami fulani litasomwa siku hiyohiyo na mjukuu wa mtu anayesemekana kupokea ng'ombe yule, na na mjukuu wa mwingine anayesema kwamba ng'ombe hakufika. Baadhi ya wazee huliogopa jambo hilo, na hofu yao ina msingi, maana ugomvi wa urithi na wa mashamba katika Kivu umekwisha kugharimu maisha. Lakini ugomvi huo tayari upo mahakamani, ambako kila upande huleta nakala ya kurasa zinazoufaa kutoka kitabu ambacho upande wa pili haukukisoma.

Mtafsiri atakayeianza kazi hiyo atakutana na ugumu wake katika ukurasa wa kwanza. Ataandika mwami, wala hatasumbuka. Kisha atafika kwenye murhambo, naye atajaribiwa kuandika chifu. Atafika kwenye mujinji, aandike kuhani. Atafika kwenye masengo, aandike sanamu. Akiyaacha maneno hayo kama yalivyo, na kila mara akamtaja mzee aliyemfafanulia na mlima anakokaa, kitabu chake kitakuwa kizito kusoma, na wachapishaji watamwomba akipunguze.